Punda aliyezeeka tumpeleke wapi? Barua ya wazi kwa madiwani wa Tarime na Serengeti

Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, Halmashauri ya Mji wa Tarime na Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti,

YAH: OMBI LA KUTENGEWA MAHALI PA KUKABIDHI PUNDA WASIOWEZA TENA KAZI

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa wale niliowafundisha kusoma, hamjambo.

Nawaandikia nikiwa na punda jike mmoja ambaye sitaki kumuuza, siwezi kumchinja, na nguvu za kumtunza zinaniishia. Kwa miaka mingi alishusha samadi shambani na kupandisha mahindi nyumbani, na kabla ya maji ya bomba kufika kitongojini kwetu, bomba lilikuwa yeye. Siku hizi kazi zake zimechukuliwa na toyo na bodaboda. Meno yake ya mbele yamerefuka na kulalia mbele, magego yamelika. Ukimpa mabua anayasokota mdomoni, kisha anayadondosha yakiwa madonge yenye mate. Punda wa hivyo huishi kwa pumba na majani laini yaliyokatwakatwa, na anataka mtu wa kumkatia kila siku ya Mungu. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu, na wanangu wote wako mijini.

Nimeuliza kijijini, nimeuliza mnadani, nimewauliza na mabwana mifugo niliobahatika kukutana nao: punda kama huyu anakabidhiwa wapi? Jibu limekuwa lile lile, tena limetolewa kwa upole. "Mwachie tu, mama."

Punda walioachiwa mnawafahamu wote. Wapo kando ya lami ya kwenda Sirari. Usiku wanasimama katikati ya barabara kwa sababu lami inatunza joto la mchana, na huku kwetu milimani baridi si ya mchezo. Lori linalokimbilia mpakani linawaona likiwa limeshafika. Wapo kwenye majalala ya Mugumu, wakitafuna vifungashio vilivyolowa mabaki ya chakula. Upande wa Machochwe na Bonchugu, ambako shamba la mwisho linapakana na hifadhi, kuachiwa hakuchukui muda mrefu. Usiku mmoja au miwili, kisha asubuhi watoto wa shule wanakuta kwato nne na kipande cha ngozi, fisi wameshaondoka.

Ninachoomba ni kimoja: mahali panapojulikana, penye uzio, maji na mtu wa zamu, ambapo mwananchi wa Tarime au Serengeti anaweza kumkabidhi punda aliyezeeka au kulemaa, kwa karatasi, akarudi nyumbani akijua mnyama wake hatachunwa wala hatatupwa. Mengine yote katika barua hii ni maelezo ya ombi hilo.

Najua mmoja wenu atasema punda tayari analindwa. Ni kweli, na kwa hilo Serikali inastahili pongezi. Shinyanga na Dodoma kulikuwa na machinjio ya punda, ngozi zikienda China kuchemshwa ili kupata gundi inayoitwa ejiao, ambayo watu wa huko huinywa kama dawa ya damu na ya urembo. China yenyewe ilikuwa na punda milioni 11 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walipopungua hadi chini ya milioni tatu, wanunuzi wakageukia Afrika. Mwaka 2019 shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilikadiria kwamba biashara hiyo inahitaji ngozi milioni 4.8 kila mwaka. Ng'ambo ya mpaka wetu, Kenya ilifungua machinjio manne kuanzia 2016, na taasisi yao ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ikaonyesha kwamba kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda zaidi ya laki tatu, kama asilimia 15 ya punda wote wa nchi ile. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Sisi wa mpakani tuliyaona hayo kwa macho. Bei ilipanda, kisha punda wakaanza kupotea usiku, huku na ng'ambo. Na punda hana ulinzi alionao ng'ombe. Ng'ombe akiibwa Tarime, yowe linapigwa, vijana wanafuata nyayo, ritongo, baraza letu la mila, linaitishwa. Punda akiibwa, anayelia ni mwanamke mmoja, na kesho yake alfajiri anakwenda mtoni na ndoo kichwani.

Kenya ilifunga machinjio yake mwaka 2020, mahakama ikaitengua amri hiyo mwaka uliofuata. Tanzania ilipiga marufuku mwaka 2022, na Desemba ya mwaka huo huo nchi za Afrika zikakutana Dar es Salaam kumjadili punda, jambo ambalo babu yangu angelicheka mpaka adondoshe kiko. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana Addis Ababa kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Sibishani na marufuku hiyo. Ningekuwa na kura mbili ningeipa zote. Ila ilipofungwa njia ya machinjio, haikuwekwa njia nyingine. Zamani zile mwenye punda mzee alimuuza kwa mchinjaji, jambo baya kabisa, lakini alijua siku na mahali. Leo hana pa kumpeleka. Nyama ya punda Wakurya hatuli, wala sijaona jirani zetu Wangoreme na Waikoma wakiila, kwa hiyo hata mwenye roho ngumu hamchinji, maana atamlisha nani? Tangu utoto tumesikia punda afe mzigo ufike. Msemo huo hausemi mzigo ukishafika na punda hajafa afanywe nini.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na sina shaka kumwachia punda mlemavu barabarani ni kumtesa. Lakini mkianza kuwakamata wanaowaachia, mtawakamata wajane na wazee. Sheria inayomwambia mtu asifanye hivi bila kumwonyesha afanye vipi itabaki kwenye makabati ya ofisi.

Wenzetu wameshalifanya jambo hili, na hawakuwa matajiri wote. Mfano wa karibu uko Lamu. Mji ule wa kale vichochoro vyake havipitiki kwa gari, mizigo mingi inabebwa na punda, kuanzia mawe ya kujengea hadi gesi ya kupikia. Mwaka 1987 kilifunguliwa pale kituo cha punda kwa msaada wa The Donkey Sanctuary, mbele ya bahari kabisa, palipo na shughuli nyingi. Punda anatibiwa bure, mgonjwa analazwa, aliyezeeka na asiye na mtu anapata pa kukaa. Na kila wanapofanya mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri, wenye punda wanawaosha wanyama wao kama wanaharusi. Waswahili wa Lamu hawakusubiri umasikini uishe ndipo wamhurumie punda.

Mfano wa pili ni wa farasi, na ulianza kwa barua ya gazetini, ndiyo maana nimeupenda. Dorothy Brooke, mke wa afisa wa jeshi la Uingereza, alifika Cairo mwaka 1930 akakuta farasi waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza wakivuta mikokoteni ya mawe na mizigo, vipofu na vilema, miaka zaidi ya kumi baada ya vita. Jeshi lilipoondoka liliwauza. Mwaka 1931 aliliandikia gazeti la Morning Post la London. Wasomaji walichanga, naye akanunua farasi kama 5,000. Walio wengi walikuwa wamechakaa mno. Akawapa siku chache za kula, kunywa na kulala, kisha wakauawa bila maumivu. Mwaka 1934 akafungua hospitali ya wanyama mjini humo, na shirika lililotokana nayo, Brooke, linafanya kazi mpaka leo, hata hapo Kenya.

Farasi hapa kwetu hakukaa. Mbung'o na maradhi viliwamaliza kwa maelfu farasi wa majeshi yaliyoletwa kuwafukuza Wajerumani mwaka 1916, na farasi pekee niliowahi kuwasikia Serengeti ni wale wa Sasakwa, ndani ya Grumeti, waliopandwa na watalii kutazama nyumbu. Punda alibaki kwa sababu anastahimili. Kustahimili kwake ndiko kumemponza: hapigi kelele akiumwa, anasimama tu na kichwa chini, nasi tunasema ni mzima.

Nimemtaja mama yule wa Cairo kwa sababu nyingine pia. Hakuwadanganya watu kwamba kila farasi angepona. Mahali ninapopaomba patakuwa na kazi mbili, na ya pili msiionee haya: kumtunza anayeweza kuishi, na kummaliza kwa huruma, kwa mkono wa daktari wa mifugo, yule ambaye kila hatua ni maumivu. Na hapo nina neno kwa Serengeti hasa. Mnyama aliyeuawa kwa sindano ya usingizi, nyama yake ni sumu. Akitupwa porini, tai na fisi watakaomla watakufa naye, na tai wetu wameshapungua vya kutosha kwa sumu za majangili. Kwa hiyo azikwe, na shimo liwe refu. Gharama ya kuchimba shimo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo, isije ikawa ndiyo kitu cha kwanza kukatwa.

Nije kwenye jambo ambalo wasiofuga punda hawalijui. Jirani yangu alikuwa na punda wawili waliokulia pamoja. Walilisha pamoja, wakanywa pamoja, mmoja akifungwa mzigo mwenzake anamfuata mpaka kisimani na kurudi bila kuitwa. Mmoja akaumwa tumbo, akafa usiku. Asubuhi mwenye mji, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, alikodi vijana wakauburuta mzoga haraka kabla jua halijapanda. Yule aliyebaki alisimama pale kwenye alama ya kuburutwa, akinusa udongo. Jioni hakula. Kesho yake hakula, wala pumba, wala chumvi aliyoipenda. Bwana mifugo alipokuja alitueleza kwamba punda aliyegoma kula, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye damu, ini likashindwa, akafa hata kama hakuwa na ugonjwa. Alitwambia pia kwamba ingefaa tuuache mzoga palepale kwa saa kadhaa, mwenzake anuse, azunguke, aridhike, aondoke mwenyewe. Hilo sikulijua, na nimezaliwa penye punda. Punda yule hakumaliza wiki.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mahali hapo iwe hii: mwenye punda wawili waliozoeana asiruhusiwe kuleta mmoja. Wanakuja wote au wanabaki wote. Wazungu wenye makao makubwa ya punda wanaishika kanuni hiyo bila mzaha.

Sasa karatasi. Mtaona natilia mkazo karatasi kuliko nyasi, na sababu ni kwamba tunaishi Tarime. Mahali panapopokea mnyama bila kuuliza maswali patakuwa zizi la wezi katika mwezi wa kwanza. Mtu ataiba punda Gibaso, atamkabidhi kwa uso wa huruma, kisha mwenzake mlinzi atamtoa kwa mlango wa nyuma. Punda aje na barua ya mtendaji wa kijiji na mashahidi wawili wa kitongoji kimoja na mwenye mnyama. Akitoka wilaya ya pili, aje na kibali cha kusafirisha mifugo kama ng'ombe yeyote. Fomu iandikwe rangi, jinsia, umri kwa meno, makovu na yako upande gani, anaumwa nini, anaogopa nini. Hilo la mwisho msilicheke. Punda wangu haingii mahali penye giza, na asiyejua hilo atampiga bure.

Akishaingia avalishwe hereni. Wakati wa hereni za kielektroniki Serikali ilipanga punda alipiwe shilingi 1,750, sawasawa na ng'ombe, huku mbuzi na kondoo wakilipiwa 1,000. Hiyo ndiyo mara pekee niliyosikia punda akilinganishwa na ng'ombe katika mkoa huu, maana mahari ya punda sijaisikia bado. Sasa hereni hiyo imfae: namba yake iandikwe kwenye daftari la kituo na nakala ikae kwa bwana mifugo wa kata, ili siku mkaguzi akija ahesabu masikio.

Halmashauri nayo isaini upande wake. Isaini kwamba hatauzwa, hatachinjwa, hatapewa kigogo akamsombee mchanga. Dume ahasiwe akifika, la sivyo mtakuwa mnazalisha badala ya kupokea. Punda ambaye bado ana nguvu kidogo anaweza kuazimwa kwa mama asiye na mnyama, kwa kazi nyepesi na kwa muda unaojulikana, akirudishwa akikaguliwa mgongo. Mzee kama wangu asiazimwe kwa yeyote. Na mimi niliyesaini nisiwe na haki ya kumdai tena. Nimemtoa, nimemtoa. Nibakiziwe ruhusa ya kwenda kumwona tu.

Halafu kuna swali la nani anasaini, na hapa wazee wa mila naomba mnisikilize bila hasira. Mnyama ni wa baba mwenye mji. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Lakini kwenye miji mingi ya Tarime na Serengeti baba hajawahi kufunga mzigo juu ya punda. Anayejua punda anachechemea mguu gani ni mama na mabinti. Mkiweka sahihi ya baba peke yake yatatokea mawili. Baba atamtoa punda ambaye mama bado anamhitaji, kwa sababu amechoka kumwona uani, na maji yatarudi kichwani kwa mama. Au baba atakataa kumtoa punda aliyekwisha, kwa sababu kuwa na wanyama wengi ni heshima, na mama ataendelea kumpakia mnyama mwenye kidonda. Fomu iwe na nafasi mbili za sahihi, ya mwenye mji na ya anayemtumia, na ikikosekana moja punda asipokelewe. Mama wa nyumba ntobhu, yaani mwanamke aliyeoa mwanamke mwenzake, ambaye ndiye mwenye mji kwa mila zetu wenyewe, asaini zote mbili asiulizwe mume yuko wapi.

Nasikia tayari mtu akisimama ukumbini: "Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti! Kuna zahanati hazina dawa, huyu mama anatuletea habari za punda." Ningekuwa diwani huenda ningesimama hivyo hivyo. Lakini mheshimiwa huyo aulize mama wangapi walifika kliniki wakiwa juu ya punda kabla ya barabara, na maji ya zahanati nyingi yamebebwa na nani. Wizara inahesabu punda zaidi ya laki sita nchini. Hakuna trekta lililoinua mazao kutoka kwenye miteremko ya Nyamwigura na Itiryo. Ni mgongo wa mnyama mwenye kilo 150 hivi, ambaye wataalamu wanasema asibebe zaidi ya theluthi ya uzito wake, yaani kilo 50, nasi tunamfunga madumu manne ya lita 20. Hizo ni kilo 80 kabla hujamkalisha mtoto juu.

Tena siombi jengo la ghorofa. Ninaomba eka chache za malisho zenye uzio, birika la maji, banda la mabati dhidi ya mvua ya milimani, tupa na kisu cha kukatia kwato, na watu wawili wanaolipwa, mmoja awe wa usiku. Josho ambalo halitumiki lina nusu ya vitu hivyo tayari. Wenye mashine za kusaga mjini Tarime wanauza pumba, na nyingine zinawaozea. Samadi ya punda mtawauzia wakulima wa kahawa. Halmashauri ya Wilaya ya Tarime inapokea ushuru wa huduma na fedha za uwajibikaji kwa jamii kutoka mgodi wa North Mara. Serengeti ina mapato yake ya utalii. Asilimia kumi ya mapato ya ndani mnaitenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha wanawake kinachotaka kuendesha kituo hiki kwa mkataba, kikiuza samadi na kukata majani, kina haki ya kukopeshwa sawa na kikundi cha kufuga kuku. Nawafahamu wanawake wanaoiweza kazi hiyo kuliko vijana wengi waliokopeshwa pikipiki.

Wengine watasema tusubiri mfadhili. Mfadhili akija tumkaribishe, ila tusianze kwa kumsubiri. Mradi wa mfadhili una mwanzo na mwisho, na bango lake hubaki limesimama baada ya punda wote kufa.

Kuhusu mahali, nina maoni. Kituo kisiwekwe karibu na hifadhi. Robanda na Natta ni pazuri, na wageni wangefurahi kupiga picha, lakini simba hawezi kuambiwa kwamba hawa ni wastaafu. Zaidi ya hayo, kumweka punda mwenye vidonda penye ndorobo ni kumwongezea ugonjwa wa nagana. Kisiwekwe pia mpakani Sirari, kwa sababu ambazo nimeshazieleza. Milima ya upande wa Nyamwaga, ambako makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime yapo, kuna baridi lakini kuna majani karibu mwaka mzima, na watu wa Serengeti wanafika kwa barabara ya Mugumu. Kianze kimoja, cha halmashauri zote tatu, kwa mkataba wa kuchangia. Mkianza kila halmashauri na chake hakitaanza hata kimoja; mnajuana.

Kipokee nani? Si kila punda. Mwenye punda mzima aliyechoka tu kumlisha arudishwe nyumbani na elimu. Kipokee aliyezeeka, aliyevunjika, kipofu, aliyeokotwa barabarani baada ya siku za kutangazwa redioni, na yule ambaye mwenyewe amefariki na warithi wanagombania ng'ombe tu. Anayekabidhi achangie anachoweza, gunia la pumba au debe la mahindi, na asiye nacho asirudishwe kwa sababu hiyo. Akirudishwa mmoja kwa kukosa debe, habari itafika mnadani kabla ya jua kuzama, na kesho yake watu wataendelea kuwaachia kama kawaida.

Na bwana mifugo wa kituo apewe siku moja kila wiki ya kuzunguka minadani. Vidonda vingi vinavyomaliza punda wetu mapema ni vya kamba ya nailoni chini ya mkia na magunia yaliyokunjwa vibaya mgongoni. Punda aliyetunzwa anaweza kufika miaka 30 na zaidi. Wa kwetu wengi hawafiki nusu yake. Kamba pana ya katani na gunia lililojazwa majani makavu vingepunguza wateja wa kituo kuliko uzio wowote.

Naomba Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira ya kila halmashauri ya wilaya, na Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ya Mji wa Tarime, ziingize suala hili kwenye ajenda za robo inayokuja, kisha zikutane pamoja mara moja na kulipeleka kwenye mabaraza kabla bajeti hazijafungwa. Vikao vya baraza ni vya wazi, nasi wenye punda tutakaa viti vya nyuma, kimya, kama kanuni zinavyotaka. Wa kwetu jike, rangi ya kijivu, kovu bega la kushoto, anaogopa giza. Barua ya mtendaji nitaiomba siku mtakayotangaza mahali pa kumpeleka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu na mfuga punda,
Kata ya Muriba, Tarime